Jinsi ya kugundua muziki wa klabu katika jiji kubwa

Chagua usiku, usichague jengo. Ukumbi uleule unaweza kupiga tekno Ijumaa na disko kesho yake, na anayefuata jina la klabu tu huishia kulipa kiingilio cha muziki asioupenda.

Anza na sikio lako. Muziki wa hausi, uliozaliwa Chicago miaka ya 1980, hupiga midundo 120 hadi 128 hivi kwa dakika. Tekno, yenye asili ya Detroit, mara nyingi huanzia 125 na kupanda hadi 145. Ukishajua unachopenda, fungua Resident Advisor, tovuti inayoorodhesha sherehe za klabu, chagua jiji, kisha sikiliza seti nzima, yaani mfululizo wa nyimbo, ya kila dijei aliyetajwa. Wimbo mmoja hautoshi, kwani ufundi wa dijei uko kwenye kuunganisha nyimbo. Mtafute pia dijei mwenyeji wa klabu: mgeni mashuhuri huja na kuondoka, huyu ndiye anayeujua ukumbi na spika zake. Sherehe ndogo mara nyingi hutangazwa kwa vikaratasi vinavyoachwa kwenye maduka ya santuri. Ulizia kaunta.

Kuhusu saa, watu wengi hupotea hapa. Tangazo la Jumamosi likiandika 02:00, maana yake ni saa nane usiku wa kuamkia Jumapili. Angalia pia saa ya mwisho ya kuingia, maana mwenye tiketi akichelewa anaweza kurudishwa. Panga usafiri wa kurudi kabla ya kutoka: London, kwa mfano, treni za chini ya ardhi hukesha Ijumaa na Jumamosi tu, tena kwenye baadhi ya njia.

Mlangoni, beba kitambulisho halisi. Picha yake kwenye simu mara nyingi hukataliwa. Nendeni wawili au watatu, kwani kundi kubwa humtia baunsa wasiwasi. Akiuliza nani anapiga leo, jibu liwe tayari. Klabu ya Berghain ya Berlin hubandika stika kwenye kamera za simu, na anayepiga picha hutolewa nje.

Masikio ndiyo yanayosahaulika. Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, sauti ya desibeli 85 huvumilika kwa muda wa saa nane, na kila 3 zikiongezeka muda hupungua nusu. Kwenye 100, sauti ya kawaida klabuni, hubaki dakika 15. Nunua vizibo vyenye kichujio cha muziki. Vile vya sponji hukata sauti nyembamba kuliko nzito, muziki ukasikika kama umefunikwa blanketi. Simama katikati, umbali sawa na spika za pande zote mbili, mbali na kuta na pembe ambako besi hujikusanya na kuvuruga mdundo.