Kupata mwaka wa tukio lisiloandikwa: simulizi, nyaraka na mantiki katika Ugogo

Mzee wa Kigwe, huko Ugogo, nchi ya Wagogo mkoani Dodoma, akikuambia kwamba babu yake alihamia hapo "kabla ya Mtunya, treni ikiwa imeshaanza kupita", amekutajia tarehe mbili katika sentensi moja: njaa ya Mtunya na kufika kwa reli. Watafiti wengi wanaoanza huiacha sentensi hiyo ipite, kisha humuuliza: "Mwaka gani, mzee?" Mzee, kwa kukustahi, anakisia mwaka. Kisio linaingia kwenye daftari, kutoka daftarini linaingia kwenye tasnifu, na baada ya miaka kumi mtu mwingine analinukuu kama ushahidi.

Njia inayoelezwa hapa inaunganisha fani mbili ambazo vyuoni hukaa majengo tofauti: historia ya simulizi na mantiki. Mantiki inayohitajika haina alama za kutisha. Inatosha kujua lipi linafuata kutokana na lipi, na lipi halifuati ingawa linaonekana kufuata.

Vigingi kwanza

Kabla ya kwenda kijijini, andaa ukurasa mmoja wa vigingi, yaani matukio ambayo mwaka wake unajulikana na ambayo watu wa kawaida waliyaona au kuyasikia. Kwa Dodoma na majirani zake, ukurasa huo unaweza kuanza hivi:

- Sotoka iliyoua ng'ombe: mwanzoni mwa miaka ya 1890.
- Kodi ya nyumba ya Mjerumani: kuanzia 1898.
- Sarafu ya hela: kuanzia 1904, rupia moja ikiwa hela 100.
- Reli ya Kati: Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912.
- Majeshi ya upande wa Waingereza: Kondoa Aprili 1916, Dodoma mwishoni mwa Julai 1916.
- Njaa ya Mtunya: kati ya 1917 na 1920, na ndani yake mafua makali ya mwishoni mwa 1918.
- Shilingi ya Afrika Mashariki: 1921.
- Mradi wa karanga Kongwa: 1947 hadi 1951.
- Kufutwa kwa utemi serikalini: 1963.
- Watu kuhamishiwa vijijini kwa operesheni: mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kila kigingi kina mtego wake, na mitego ndiyo inayostahili muda wako kuliko miaka yenyewe.

Chukua reli. "Baada ya treni" haina mwaka mmoja kwa Ugogo yote. Reli ilijengwa kutoka pwani kwenda bara, kwa hiyo Gulwe, Msagali na Kikombo ziliiona kabla ya mji wa Dodoma, wakati fulani kati ya 1907 na 1910. Kigwe, Bahi na Kintinku ziko magharibi, kati ya Dodoma na Tabora, na huko kigingi ni 1910 hadi 1912. Ukitumia 1910 kwa kila kijiji, umeshakosea kwa miaka miwili au mitatu kabla hujaanza kazi. Isitoshe, uliza kama ni treni yenyewe iliyoonekana au ni vibarua wa kujenga tuta, maana hao hutangulia.

Hela ni mtego wa aina nyingine. Neno lilitokana na sarafu ya Mjerumani, lakini leo kila mtu anasema hela akimaanisha fedha yoyote. Bibi akisema "baba alilipa hela mbili", hujapata kitu. Akieleza sarafu yenyewe ilivyokuwa, hapo pana la kushika. Rupia nayo iliendelea kukaa midomoni mwa watu muda mrefu baada ya shilingi kuingia.

"Mjerumani" pia si lazima awe wa kabla ya 1916. Kuanzia 1925 raia wa Ujerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika, na wengine walirudi kama walowezi na wamisionari. Uliza huyo Mjerumani alikuwa akifanya nini: kama alikuwa akikusanya kodi na kuamuru askari, ni utawala, kama alikuwa na shamba au misheni, kigingi chako kimelegea.

Kutoka maneno hadi vikomo

Kila kauli igeuze iwe moja ya aina mbili. Kikomo cha chini kinasema tukio halikutokea kabla ya mwaka fulani. Kikomo cha juu kinasema halikutokea baada ya mwaka fulani. Tukio lenye kikomo kimoja tu bado liko wazi upande mmoja, hata kama kauli zinazolitaja ni 20.

Huu ni mfano wa kutunga. Ukoo fulani wa Bahi unasema: (a) babu alipofika hapa treni ilikuwa ikipita, (b) mtoto wake wa kwanza kuzaliwa hapa alikuwa anachunga ndama Mtunya ilipoingia.

Kauli (a) inatoa kikomo cha chini. Bahi iko magharibi ya Dodoma, kwa hiyo babu hakufika kabla ya 1910. Kauli (b) inahitaji hesabu. Mtoto wa kuchunga ndama mwekee miaka 5 hadi 8, kisha uthibitishe umri huo na familia yenyewe, kwa kuwa kuchunga ndama na kuchunga ng'ombe wakubwa ni hatua mbili tofauti. Mtunya "kuingia" kwaweza kuwa 1917 kwa kaya maskini au 1919 kwa kaya yenye mifugo mingi ya kubadilisha kwa nafaka. Toa umri mkubwa kwenye mwaka wa mapema: 1917 toa 8 ni 1909. Toa umri mdogo kwenye mwaka wa mwisho: 1919 toa 5 ni 1914. Mtoto alizaliwa kati ya 1909 na 1914. Baba alifika kabla ya mtoto kuzaliwa hapo, kwa hiyo hakufika baada ya 1914. Unganisha na (a): babu alihamia kati ya 1910 na 1914.

Kosa linalojirudia sana hapa ni kuchukua katikati, 1912, na kuiandika kana kwamba imethibitika. Andika "1910 hadi 1914" na uiache hivyo. Kosa la pili ni kugeuza kauli mkia kuwa kichwa. "Kama treni ilikuwepo, basi ni 1910 au baadaye" ni kweli kwa Bahi. "Kama hakutaja treni, basi ni kabla ya 1910" si kweli. Huenda hukumuuliza, au treni haikuwa na maana kwake. Ukimya wa msimulizi haujengi kikomo chochote.

Kauli zikigongana

Sasa ongeza kauli (c): "Babu alilipa kodi hapa kabla ya reli." Ukiiandika kama ilivyo, babu yupo hapa kabla ya kufika. Kwa mantiki, katika kundi hili angalau kauli moja si kweli kwa maana uliyoipa. Haikuambii ni ipi, na wala hairuhusu kuitupa ile unayoichukia zaidi.

Tafuta kundi dogo kabisa linalogongana. Hapa ni (a) na (c). Ukiondoa mojawapo, mgongano unaisha, na (b) haihusiki. Basi rudi kwenye maneno ya hizo mbili tu. Mara nyingi mkosaji ni "hapa". Kwa mzee, hapa paweza kuwa kitongoji, nchi yote ya mtemi, au mahame, yaani makazi ya zamani ambayo watu walitolewa wakati wa operesheni za vijiji. Mwombe akuonyeshe kwa miguu. Chukua alama za GPS za mahame, makaburi na mibuyu inayotajwa, kisha uyape majina tofauti: Hapa-1, Hapa-2. Migongano mingi hufa hapo hapo.

Kwa matukio yanayozidi kumi, kichwa hakitoshi. Chora kila tukio kama duara na vuta mshale kutoka la mapema kwenda la baadaye. Ukifuata mishale ukajikuta umerudi ulikoanzia, una mgongano, na kauli zilizo kwenye mzunguko huo ndizo za kuchunguza. Tenganisha pia tukio la siku moja na kipindi. Kuzaliwa ni nukta, njaa ni kipindi. "Wakati wa Mtunya" kwaweza kuwa ilipoanza, ilipokuwa katikati, au ilipokuwa ikiisha. Mwaka 1983 James Allen, mtaalamu wa kompyuta, alionyesha kwamba vipindi viwili huhusiana kwa namna 13 tu: kimoja kabla ya kingine, kugusana, kupishana, kuanza pamoja, na kadhalika. Huna haja ya kuzikariri zote, ila ukijiuliza "ni ipi kati ya hizo?" utauliza swali la pili ambalo ulikuwa unalisahau.

Hesabu ya vizazi iwe ya mwisho kabisa. Kuzidisha idadi ya mababu kwa 25 huleta namba nzuri na ya uongo. Katika ukoo wa wake wengi, mtoto wa mwisho wa babu mmoja anaweza kuwa mdogo kuliko mjukuu wa mke mkubwa, na mababu wasio na sifa huangushwa kwenye orodha.

Mashahidi watatu wanaweza kuwa mmoja

Wazee watatu wakisema jambo lile lile, uliza kila mmoja: ulilisikia kwa nani? Kama wote walisikia kwa katekista mmoja, una shahidi mmoja. Mtego wa Ugogo wenye sifa ni kitabu cha Mathias Mnyampala kuhusu historia na mila za Wagogo kilichotoka 1954: kimesomwa na kusimuliwa kiasi kwamba baadhi ya "simulizi" ni kurasa zake zikirudi kwa mdomo. Kisome kabla ya kwenda uwandani ili uzitambue.

Anga ni shahidi asiyetegemea mtu, lakini naye ana ujanja. Jua lilipatwa tarehe 29 Mei 1919, ukanda wa giza kamili ukipita Ziwa Tanganyika. Ugogo ililiona kwa sehemu tu, jioni, Mtunya ikiendelea. Ni kigingi kizuri. Nyota yenye mkia ya 1910 si nzuri kiasi hicho kwa anayetafuta mwezi, maana mwaka huo zilionekana mbili: moja Januari, na ile ya Halley karibu na Aprili na Mei.

Kazi ya uwandani

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Mvua za Dodoma huanza karibu na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Wakati huo wazee wako mashambani na barabara za vumbi huwa matope. Beba barua ya utangulizi ya chuo chako na nakala tano au zaidi, kwa sababu kila ngazi hubaki na yake: Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Mtafiti kutoka nje ya nchi huanza na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Usiruke ngazi hata kama unafahamiana na mwenyekiti wa kitongoji; atakayeulizwa baadaye ni yeye.

Ukifika, "Mbukwa" kwa mtu mmoja na "Mbukwenyi" kwa wengi hufungua mlango ambao "Habari za saa hizi" huuacha nusu wazi. Eleza unachotafuta, omba ruhusa ya kurekodi, na ruhusa hiyo nayo irekodi. Sukari na sabuni vinatosha kama shukrani, na vitolewe mwishoni. Anayelipa kwa kila jibu hupata majibu mengi.

Rekodi kwa WAV ya kilohezi 48, biti 16, chaneli moja. Saa moja huchukua takribani megabaiti 346. Kinasa kiwe sentimita 30 hadi 40 kutoka mdomoni. Upepo wa Julai na Agosti huharibu rekodi kuliko kelele za kuku, hivyo kaeni ndani ya tembe au upande usiopigwa na upepo. Kila jioni weka nakala tatu, moja isilale nyumba moja na wewe.

Maswali yasimwekee msimulizi jibu mdomoni. Badala ya "Treni ilikuwa imefika?" uliza "Mlikuwa mkienda Dodoma kwa njia gani?" Badala ya kutaja rupia, uliza kodi ililipwa kwa kitu gani. Kama mzee anasimulia kwa Kigogo, mwache asimulie kwa Kigogo. Kiswahili chake cha heshima hupunguza viungo. Tenga saa sita hadi nane za kuandika kwa kila saa moja ya mazungumzo, na zaidi kama unatafsiri.

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ziendee baada ya mzunguko wa kwanza wa mahojiano, ukiwa na majina ya kutafuta. Mafaili ya Mjerumani huandika Mpwapwa kama Mpapua, na sauti zetu za j na ch kwa herufi nyingi zisizotarajiwa, kwa hiyo andaa tahajia tatu au nne za kila jina. Namba ya faili na ya ukurasa ziandike papo hapo. Wasafiri wa misafara ya karne ya 19 wasome kwa tahadhari: walikasirishwa na hongo, yaani ushuru wa kupita, waliyotozwa na watemi wa Ugogo, na hasira hiyo imejaa kwenye maelezo yao. Lakini mtu anayelalamika bei huandika bei, na tarehe aliyolipa.

Ukimaliza, rudi kwa mzee na mchoro wako wa mishale, umsomee mpangilio kwa sauti kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Mahali atakapokukatiza ndipo penye kosa.