Kuweka mfumo wa mchezo wako wa mezani chini ya leseni huria

Umetunga kanuni za mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, na unataka wengine waandike visa juu yake bila kukuomba ruhusa kila mara. Wengi hukimbilia kuchagua leseni. Hiyo ingoje.

1. Tenganisha kanuni na ulimwengu. Kazi yenyewe iko hapa. Fungua faili jipya, uhamishie humo kanuni tupu: “Rusha dadu mbili, jumlisha na Nguvu, ukifikisha 10 umefaulu.” Miungu, falme, picha na nembo vibaki kwenye kitabu chako. Pitia mstari kwa mstari. Ukikuta uchawi unaitwa “Laana ya Malkia Zumra”, na Zumra ni mhusika wako, uite “Laana ya Usingizi”; usipofanya hivyo, naye umemgawa. Kumbuka, kwa kawaida hakimiliki hailindi wazo la kurusha dadu, bali maneno uliyolielezea. Unachogawa hasa ni maandishi.

2. Hakiki umiliki. Kama mwenzako aliandika sura, pata idhini yake kwa maandishi. Huwezi kugawa cha mtu.

3. Sasa chagua leseni. Mimi huanza na CC BY 4.0, mojawapo ya leseni za shirika la Creative Commons (CC): mtu atumie, abadilishe, hata auze, mradi akutaje. CC BY-SA humlazimu naye kuachia kazi yake kwa masharti yaleyale. Zile zenye NC, yaani zinazokataza matumizi ya kibiashara, sizipendi kwa mifumo. Zinamfunga mikono mtunzi mdogo anayetaka kuuza kijitabu chake.

Muhimu zaidi, leseni za CC hazibatilishwi maadamu mtumiaji anafuata masharti. Umuhimu wa hilo ulionekana Januari 2023: ilivuja rasimu ya kubadilisha OGL, leseni ya kampuni ya michezo ya Wizards of the Coast iliyotumika tangu 2000, na watunzi wakaja juu. Tarehe 27 mwezi huohuo kampuni iliweka SRD 5.1, waraka wa kanuni za Dungeons & Dragons, chini ya CC BY 4.0. Mwaka huohuo ikatoka ORC, leseni nyingine huria iliyoasisiwa na kampuni ya michezo ya Paizo, nayo inafaa ukitaka maboresho ya kanuni yabaki wazi kwa wote.

4. Andika tamko, ukurasa wa kwanza. Taja jina la waraka, mwenye haki, mwaka, leseni na kiungo chake. Wape watumiaji sentensi kamili ya kukutaja, wainakili ilivyo. Ukiwaachia wajitungie, kila mmoja atakuja na yake. Ongeza kuwa jina la mchezo na nembo havimo, kwani CC haigusi alama za biashara. Ukiruhusu watu waandike “unaoana na” mchezo wako, liseme hapohapo.