Kanuni Nayo Ina Umri: Namna ya Kuikagua na Kuifikisha Bungeni Ukiwa Lamu

Kanuni inayotubana huwa tunaijua kwa sura ya afisa anayeitekeleza: yule aliyekamata nyavu Kizingitini, au aliyezuia mashua gatini Mokowe. Kubishana naye hakufiki mbali, maana kanuni hakuitunga yeye. Imetungwa na waziri kwa mamlaka aliyokabidhiwa na Bunge, na Bunge liliweka masharti: kanuni iletwe mbele yake, ichunguzwe, na ikitimiza miaka 10 ife yenyewe isipohuishwa. Masharti hayo yamo katika Sheria Na. 23 ya mwaka 2013 ya Kenya (Statutory Instruments Act), inayosimamia kanuni zinazotungwa chini ya sheria za Bunge. Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kutafuta tarehe, hasira zisubiri.

Jua kwanza kanuni ni ya nani

Shika risiti, notisi au karatasi ya mashtaka uliyopewa, usome mstari unaotaja sheria. Ukikuta Sheria ya Fedha ya Kaunti, achana na Nairobi. Ada hiyo imepitishwa na Bunge la Kaunti na hujadiliwa kila mwaka katika mswada wa fedha, basi maoni yako yanatakiwa huko. Ukikuta herufi L.N. zikifuatwa na nambari na mwaka, hilo ni Tangazo la Sheria, yaani kanuni ya kitaifa, na maelezo yanayofuata hapa yanaihusu.

Uvuvi ndio unaochanganya watu zaidi. Sheria kuu ni ya kitaifa, ya mwaka 2016, lakini kaunti nayo ina mkono wake katika diko, soko la samaki na baadhi ya ada. Usalama wa vyombo vya baharini uko kwa KMA, mamlaka ya bahari, mikoko iko kwa KFS, shirika la misitu, mazingira kwa NEMA, mamlaka ya mazingira. Risiti isiyotaja sheria yoyote usiitupe. Mwandikie mkuu wa ofisi iliyoitoa, umuulize ada ile inadaiwa kwa kifungu gani cha sheria gani. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuuliza kwa Kiswahili au Kiingereza, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Wanaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Wakikunyima, una siku 30 za kupeleka shauri kwa Tume ya Haki za Utawala.

Tarehe tatu

Ukishapata nambari ya Tangazo la Sheria, itafute katika tovuti ya Kenya Law, ambayo haitozi pesa, au umwombe kijana wa saiba akuchapishie. Kurasa mbili zinatosha kuanzia: ya kwanza, inayotaja kifungu cha sheria mama kilichompa waziri nguvu, na ya mwisho, yenye sahihi ya waziri na siku aliyotia sahihi.

Angalia hapo vizuri. Siku ya kutungwa na siku ya kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali si lazima ziwe moja, na kila moja ina kazi yake. Miaka 10 ya uhai huhesabiwa tangu kutungwa. Muda wa kuifikisha Bungeni huhesabiwa tangu kuchapishwa.

Muda huo wa pili ni siku 7 za vikao, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuhesabu siku za kalenda. Bunge la Taifa kwa kawaida huketi Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Kanuni iliyochapishwa Ijumaa inapata siku tatu wiki inayofuata, tatu nyingine wiki ya pili, na ya saba inaangukia Jumanne ya wiki ya tatu. Bunge likienda likizo katikati, hesabu inasimama, na wiki tatu zaweza kugeuka miezi miwili. Kanuni isiyowasilishwa ndani ya muda huo hukoma kuwa na nguvu mara siku ya mwisho ikipita. Ushahidi uko katika kumbukumbu za vikao, kwenye orodha ya hati zilizowasilishwa mezani. Usiikose wewe kwenye orodha kisha ukatangaza barazani kwamba kanuni imekufa. Mwandikie Karani wa Bunge umwombe tarehe ya kuwasilishwa, na ungojee jibu la maandishi.

Tarehe ya tatu ni ya kufa. Miaka 10 ikitimia kanuni imefutika, isipokuwa imeongezewa muda, jambo linaloruhusiwa mara moja tu na kwa miezi isiyozidi 12, au imesamehewa sharti hili kwa kanuni maalumu. Nyongeza na msamaha huo navyo huchapishwa, basi vitafute kabla ya kupiga hesabu. Kanuni zilizotangulia mwaka 2013 zinataka uangalifu zaidi. Chukua mfano wa zile za vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, za mwaka 2007. Zilitungwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya zamani, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ile ya 2016. Kwa kanuni ya namna hiyo utauliza maswali mawili, si moja: umri wake umefika wapi, na je, sheria mpya ilibakisha kanuni za sheria iliyokufa? Kifungu cha mpito, kwa kawaida mwishoni mwa sheria mpya, ndicho chenye jibu la swali la pili.

Anza mwaka wa nane

Kungoja mwaka wa kumi ni kuchelewa. Wizara ikitaka kuitunga upya kanuni ni lazima ishauriane na watakaoguswa nayo, na kama mzigo wake kwa wananchi ni mkubwa, itoe taarifa ya athari: kwa nini kanuni inahitajika, gharama zake, na njia nyingine zilizopo. Ilani ya taarifa hiyo hutoa muda wa maoni usiopungua siku 14. Siku 14 kwa mtu wa Kiunga anayengoja chombo na hali ya bahari ni kama hakuna. Waraka wa maoni uwe tayari umeandikwa kabla ilani haijatoka, ubaki kurekebishwa tu.

Kuna mlango mwingine, mwembamba zaidi. Kanuni ikishafika Bungeni hupelekwa kwa Kamati ya Sheria Ndogo, nayo ina siku 28. Kamati ikinyamaza hadi siku hizo ziishe, kanuni huhesabiwa kuwa imetimiza masharti yote. Barua inayofika siku ya 25 haina kazi. Ifike wiki ya kwanza.

Hoja zinazosikika

“Ada ni kubwa, tunaumia” ni kweli, lakini peke yake haiipi kamati pa kushika. Kamati hupima kanuni kwa vigezo vilivyoandikwa katika kifungu cha 13 cha Sheria Na. 23, na hoja yako iwekwe juu ya kimojawapo. Je, kanuni inakwenda kinyume cha Katiba au sheria mama? Inatoza kodi kwa mlango wa nyuma? Inarudi nyuma kuwaadhibu watu kwa mambo ya zamani bila sheria mama kuruhusu? Inamzuia mtu kwenda mahakamani? Inampa afisa uamuzi usio na mipaka wala rufaa?

Tuseme kanuni inasema mkata mikoko atalipa kwa kila korja, yaani miti ishirini, “kiasi kitakachoamuliwa na afisa”. Usiandike kwamba maafisa ni wala rushwa. Huna haja, na itakuponza. Andika kwamba kanuni haikuweka kiwango, kwamba boriti na fito haziwezi kutozwa kwa kukadiria kwa macho, na kwamba haki ya mtu imewekwa chini ya mamlaka yasiyofafanuliwa. Hicho ni kigezo kamili. Ambatisha hoja na risiti mbili za mzigo ule ule zenye viwango tofauti, na kamati ina kitu mkononi.

Adhabu nazo zitazame. Chini ya Sheria Na. 23, kanuni ikivunjwa faini isizidi shilingi 20,000 au kifungo kisizidi miezi 6, au vyote viwili. Ukiona zaidi ya hapo, rudi kwenye sheria mama uone kama imetoa ruhusa. Kama haikutoa, hiyo ndiyo hoja yako ya kwanza, itangulie nyingine zote.

Kuandika ombi

Ikiwa siku 28 zimepita, ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, litunge, libadilishe au lifute sheria. Kiswahili kinakubalika. Maombi mengi hukwama kwa mambo madogo ya umbo, hivyo usiyadharau. Maandishi yasiwe na mikwaruzo wala maneno yaliyochomekwa juu ya mstari. Kichwa cha jambo kirudiwe juu ya kila karatasi. Eleza ulikokwisha kupeleka shauri na ulijibiwaje, hata kama hukujibiwa. Sema kama liko mahakamani. Lugha iwe ya heshima. Kila mwombaji aandike jina, anwani, nambari ya kitambulisho, na sahihi au alama ya kidole gumba, moja kwa moja kwenye karatasi ya ombi lenyewe. Sahihi zilizobandikwa kutoka daftari la mkutano mwingine hazikubaliki, na hili limeangusha maombi mazuri.

Mwisho wa ombi uwe na jambo moja linaloweza kutendwa. “Bunge litusaidie wavuvi” halitendeki. Afadhali hivi: “Waombaji wanaomba Bunge la Taifa lipendekeze kanuni ya 7 ya Tangazo la Sheria lililotajwa ifutwe, na wizara iweke viwango vya ada katika jedwali baada ya kushauriana na wavuvi wa Faza, Kiunga na Kisiwa cha Lamu.”

Sahihi zikusanywe Ijumaa baada ya swala, wengi wakiwa nchi kavu, au wakati wa kusi bahari ikiwa imechafuka. Wanawake wanaouza samaki hawako msikitini wala dikoni saa hizo; wafuateni sokoni na majumbani, kwani kanuni ya ada huwagusa mapema kuliko wengine.

Shida ikiwa ni shirika lenyewe

Huko Texas, Marekani, tangu 1977 mashirika ya serikali hupewa tarehe ya kufa, kwa kawaida kila miaka 12, na bunge lisipoyahuisha yanavunjwa. Kwetu muda wa kufa uko kwa kanuni tu. Shirika hukaguliwa kwa mahesabu: Mkaguzi Mkuu hutoa ripoti ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha Juni 30, na Bunge lina miezi 3 ya kuijadili. Malalamiko juu ya pesa za shirika yapelekwe miezi hiyo, kati ya Januari na Machi, yakitaja ukurasa wa ripoti.

Kupeleka

Ombi hupokewa na Karani wa Bunge la Taifa, S.L.P. 41842-00100 Nairobi, au cna@parliament.go.ke, waweza pia kumpa mbunge wako aliwasilishe. Toa nakala mbili: moja iende, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Karani ana siku 7 za kukagua umbo lake. Zikipita kimya, andika barua fupi ukitaja tarehe iliyo kwenye muhuri, na nakala umpelekee mbunge.