Jinsi ya Kupima Habari za Ugunduzi Mpya wa Seli: Mfano wa Selimundu

Habari kwamba wanasayansi wamegundua tiba ndani ya seli huenea kwa kasi, hasa katika familia zenye mgonjwa, ambazo zina haki ya kujua ukweli wa jambo kabla ya kuuza shamba au kuacha dawa. Mwongozo huu unatumia mfano wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa sababu ugonjwa huu uko majumbani mwetu na kwa sababu safari ya utafiti wake kutoka maabara hadi hospitali inaweza kufuatwa mwaka kwa mwaka.

Anza kwa kuuliza ni kitu gani hasa kilichogunduliwa. Katika selimundu, badiliko la herufi moja ya jeni huifanya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ishikamane na kuwa nyuzi ngumu inapokosa oksijeni, na chembe nyekundu za damu hupinda na kuziba mishipa midogo. Mtoto mchanga hasumbuliwi katika miezi ya mwanzo kwa kuwa bado ana himoglobini ya kijusi, ambayo haina kasoro hiyo. Mwaka 2008 watafiti wa Boston, miongoni mwao Vijay Sankaran na Stuart Orkin, walionyesha kwamba protini iitwayo BCL11A ndiyo inayozuia utengenezaji wa himoglobini hiyo ya kijusi. Ulikuwa ugunduzi mkubwa, lakini haukuwa dawa; ulionyesha mahali ambapo dawa ingeweza kulengwa.

Kisha tafuta utafiti umefanyika juu ya nini: seli zilizokuzwa maabara, wanyama, au watu. Hili ndilo swali ninaloliona kuwa na uzito kuliko yote, na jibu lake hupatikana katika muhtasari wa makala ya utafiti, sehemu inayoeleza mbinu, wala si katika kichwa cha habari. Kuondolewa kwa BCL11A kulirekebisha ugonjwa kwa panya mwaka 2011. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walieleza mbinu ya CRISPR ya kukata jeni mahali palipochaguliwa; mwaka 2019 mgonjwa wa kwanza wa selimundu nchini Marekani akatibiwa kwa mbinu hiyo, iliyotumiwa kupunguza BCL11A katika seli zake; na mwezi Novemba 2023 Uingereza ikaidhinisha tiba iitwayo Casgevy, Marekani ikafuata Desemba. Miaka 15 ilipita kati ya ugunduzi na idhini, na katika kila hatua gazeti lingeweza kuandika kwamba tiba imepatikana.

Habari ikihusu watu, soma takwimu zake polepole. Marekani ilipoidhinisha Casgevy, wagonjwa 31 walikuwa wamefuatiliwa kwa muda wa kutosha, na 29 kati yao walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Angalia mambo matatu hapo: idadi ya watu, muda wa kuwafuatilia, na kilichohesabiwa kuwa mafanikio, yaani kutopata mashambulio makali. Kisha tafuta gharama ya mafanikio hayo, ambayo mara nyingi huwekwa mwishoni mwa habari. Seli shina za mgonjwa, yaani seli zinazozalisha chembe za damu, hutolewa na kuhaririwa maabara, naye hupewa dawa kali ya kusafisha uboho kabla ya kurudishiwa seli zake, dawa ambayo inaweza kuharibu uwezo wa kuzaa. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Uliza pia kama maabara nyingine imepata matokeo yale yale. Mwezi Januari 2014 watafiti wa Japani walidai katika jarida la kisayansi la Nature kwamba seli zilizokomaa, zikiwekwa katika asidi hafifu, hurudi katika hali ya uchanga, yaani ya kuweza kuwa seli za aina nyingine. Maabara nyingine zilijaribu zikashindwa, na Julai mwaka huo huo makala hayo yakaondolewa. Jina la jarida kubwa, basi, si uthibitisho kamili, na andiko ambalo halijapitiwa na wataalamu wengine linahitaji tahadhari zaidi. PubMed, kanzidata ya mtandaoni ya makala ya utafiti wa tiba, hutoa muhtasari bure, na makala yaliyoondolewa huwekewa alama.

Mwisho, tofautisha kilichogunduliwa na kinachoweza kupatikana leo. Himoglobini ya kijusi inaweza pia kuongezwa kwa kidonge cha haidroksiurea, ambacho ni dawa ya miaka mingi na ya bei nafuu zaidi. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na kuchapishwa mwaka 2019, uliwapa dawa hiyo watoto zaidi ya 600, na mashambulio ya maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo vikapungua. Kwa mzazi wa Afrika Mashariki naiona habari hii kuwa na manufaa ya karibu kuliko ile ya Casgevy, ingawa ilitangazwa kwa sauti ndogo. Anayetaka kuifanyia kazi amuulize daktari wa kliniki ya selimundu kama dawa hiyo inamfaa mtoto wake, inapatikana wapi, na damu itapimwa kila baada ya muda gani, kwa sababu dawa hiyo inaweza kupunguza chembe nyeupe za damu na haipaswi kutumiwa bila vipimo.