Jinsi ya kuomba rekodi za barabara, mitaro na majengo kutoka serikali ya kaunti

Aliyekaa Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu nchini Kenya, tangu siku ambazo kahawa ilikuwa bado shambani ameona mashamba yakigeuka ploti, na ploti zikigeuka ghorofa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji huu. Ya 2019 ikahesabu 490,120. Barabara za ndani, mabomba ya majitaka na mitaro havikuongezeka kwa mwendo huo. Kwa hiyo kila masika, kuanzia Kihunguro hadi Mwihoko, watu huuliza mambo yale yale. Nani aliidhinisha jengo lile lililoziba mkondo wa maji? Barabara yetu ilitengewa pesa ngapi? Mbona mwanakandarasi alimwaga kokoto, akaondoka?

Maswali haya huulizwa kwenye vikundi vya WhatsApp, kwenye baraza la chifu na mlangoni pa mwakilishi wa wadi. Jibu huwa la mdomo: "Iko kwenye bajeti." Mwaka ukiisha hakuna anayekumbuka nani alisema, wala alisema lini. Mimi ni katibu wa chama cha wakazi, na nimefikia kuamini kwamba kabla ya maandamano, kabla hata ya kumtafuta mwanahabari, wakazi wanapaswa kuomba karatasi zenyewe. Njia ipo na iko wazi kwa kila raia, lakini ni wachache mno wanaoitumia.

Haki yenyewe

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari, Nambari 31 ya 2016, ndiyo inayoeleza utaratibu, nayo inazibana serikali za kaunti, manispaa na kampuni za maji za umma sawa na inavyozibana wizara. Huhitaji wakili. Hulipi ada ya kuomba; unaloweza kutozwa ni gharama halisi ya kunakili hati na kukufikishia. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Na asiyeweza kuandika, kwa sababu hakusoma au ana ulemavu, anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, kisha afisa aliandike ombi lake na kumpa nakala.

Jambo moja lishike kabisa: sheria haikulazimishi kueleza unaitakia nini habari hiyo. Ukiulizwa "Unataka kufanya nini nayo?", jibu kwa upole kwamba unaomba kama raia, basi. Chama cha wakazi kilichosajiliwa na kinachoendeshwa na Wakenya kinaweza pia kuomba kwa jina lake. Mimi napendelea hivyo, kwa sababu mtu mmoja huweza kutishwa au kuhama.

Hatua ya kwanza: jua faili iko kwa nani

Hapa ndipo maombi mengi hupotelea. Barabara mbili zinazokutana kwenye kona moja zinaweza kuwa za wenyewe wawili tofauti. Barabara Kuu ya Thika iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Kuna za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na za KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini, na nyingi za mitaani ni za kaunti. Idhini ya kujenga ghorofa hutolewa na idara ya mipango ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, ilhali leseni ya mazingira hutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Maji na majitaka ya Ruiru na Juja yana kampuni yake.

Kwa mradi unaoendelea, njia ya haraka ni ubao wa mradi unaosimikwa kando ya kazi. Huandikwa mwenye mradi ni nani, mwanakandarasi ni nani na mhandisi ni nani. Upige picha siku ile ile unapowekwa. Ubao huo haukai sana. Upepo huuangusha, au mtu huona una mabati mazuri.

Ukikosea ofisi, ombi lako halijafa. Afisa aliyelipokea ana siku 5 za kulihamishia kwenye ofisi iliyo na hati hizo, na anapaswa kukuarifu kwamba amelihamisha. Ila umepoteza muda, na katika shughuli hii muda ni mali.

Hatua ya pili: andika kwa usahihi

Barua yetu ya kwanza kabisa iliomba "habari zote kuhusu barabara yetu". Ofisi iliyoipokea ilituuliza barabara ipi, ya mwaka upi, na habari gani. Ilikuwa sahihi kutuuliza. Tulikuwa na hasira nyingi, lakini swali hatukuwa nalo. Tangu hapo kila barua yetu hutaja vitu vinne: mahali, kipindi, aina ya hati, na jinsi tunavyotaka kuipokea. Mfano ni huu:

"Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Habari, kupitia kwa Katibu wa Kaunti.

KUH: OMBI LA HABARI KUHUSU UKARABATI WA BARABARA YA SOKONI HADI ZAHANATI

Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa wadi hii. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu barabara iliyotajwa, yenye urefu wa takriban kilomita moja na nusu, kuanzia 1 Julai 2023 hadi 30 Juni 2025: mkataba uliotiwa sahihi na mwanakandarasi, pamoja na orodha ya kazi na bei zake, vyeti vya malipo vilivyotolewa, ripoti za ukaguzi za mhandisi, na, ikiwa kazi ilisimamishwa, barua ya kuisimamisha. Naomba nizipokee kwa barua pepe. Ikiwa sehemu yoyote haiwezi kutolewa, naomba nipewe sehemu iliyobaki pamoja na kifungu cha sheria kilichotumika kuizuia."

Chini weka jina, nambari ya simu, anwani na sahihi, kisha ambatisha nakala ya kitambulisho kuonyesha kwamba wewe ni raia. Kama ofisi ina fomu yake, ijaze. Lakini ombi haliwezi kukataliwa kwa sababu tu hukutumia fomu.

Tazama maneno "orodha ya kazi na bei zake". Mkataba peke yake utakwambia jumla ya pesa. Orodha ndiyo inayosema mtaro ulipaswa kuwa na kina gani, kalvati ngapi zilipangwa, na kokoto ziwe za unene gani. Ukiwa nayo, mzee wa mtaa anaweza kutoka na futi ya kupimia, akapima mwenyewe. Na hapa hamwombi fadhila: sheria hiyo hiyo inaitaka kila taasisi ya umma, ikishatia sahihi mkataba, itangaze kazi inayofanywa, kiasi cha pesa, jina la aliyepewa kazi na muda wa kuimaliza.

Kwa jengo, usiombe ramani ya vyumba vya mwenyewe. Hiyo ni faragha ya mtu na utanyimwa. Omba tarehe ya idhini, idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa, matumizi yaliyokubaliwa, na masharti yaliyowekwa kuhusu maji ya mvua na majitaka. Tofauti kati ya ghorofa nne za kwenye idhini na saba zilizosimama huonekana bila kuingia chumbani kwa mtu.

Hatua ya tatu: ipeleke, igongwe muhuri

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki masijala. Nyingine igongwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Hesabu zote zijazo zinaanzia kwenye muhuri huo. Ukituma kwa barua pepe, ihifadhi barua iliyotumwa, na upige simu kesho yake kuuliza jina la aliyeipokea. Mwakilishi wa wadi apewe nakala kwa heshima tu, maana ni mjumbe wenu. Lakini asiwe ndiye njia ya ombi. Faili iko ofisini, haiko kwake.

Kuhesabu siku

Ofisi ina siku 21 tangu kupokea ombi. Ikiwa hati ni nyingi au zinahitaji kushauriana na ofisi nyingine, inaweza kuongeza muda mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14. Habari inayogusa uhai au uhuru wa mtu hutakiwa kutolewa ndani ya saa 48. Kama ukuta wa jengo la jirani umepasuka na watu wanalala chini yake, taja hilo kwenye mstari wa kwanza wa barua.

Muda ukiisha kimya, sheria inahesabu kwamba ombi limekataliwa. Wengi hawalijui hili, wakaendelea kusubiri miezi. Kimya ni jibu, na jibu hilo linaweza kukatiwa rufaa.

Wakikukatalia

Kuna sababu halali za kukataa: usalama wa taifa, faragha ya mtu, siri za kibiashara, kesi inayoweza kuharibika. Hata hivyo, kilichozuiliwa kinapaswa kutenganishwa na kilichobaki, nacho kilichobaki kitolewe. Na hata habari iliyozuiliwa inaweza kutolewa ikiwa manufaa yake kwa umma yanazidi madhara ya kuitoa. Ukiambiwa bei za mkataba wa barabara ya umma ni siri ya biashara, usikubali haraka.

Rufaa huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huiita Ombudsman. Una siku 30 tangu ulipoarifiwa uamuzi. Andika barua fupi, ambatisha nakala yenye muhuri na jibu lolote ulilopewa, ueleze unachotaka tume iamuru. Hulipi. Tume inaweza kuiagiza ofisi itoe hati hizo, na asiyeridhika na agizo lake anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 21. Barua fupi yenye tarehe nne zilizopangwa vizuri humfaa afisa wa tume kuliko kurasa kumi za uchungu, hata kama uchungu wenyewe ni wa haki.

Karatasi zikishapatikana

Sasa ndipo mkutano wa wakazi una maana. Someni orodha ya kazi pamoja, nendeni mkaitazame barabara, muandike kilichopo na kisichopo. Ikiwa kazi ilikuwa kwenye mkataba na haikufanywa, hilo ni suala la usimamizi: mwandikieni mhandisi wa kaunti na nakala kwa katibu wa kaunti. Ikiwa barabara haikuwahi kupangiwa pesa, kumlaumu mwanakandarasi ni kazi bure. Hapo mnahitaji bajeti.

Bajeti ina kalenda yake. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, waraka wa mwelekeo wa matumizi kufikia 28 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili, na kila kitu hupitishwa kabla ya 30 Juni. Mkazi anayelia Mei maji ya mvua yakiwa kifuani amechelewa kwa mwaka mzima. Ukitaka kuingia kwenye vikao vya maoni vya Februari na ushahidi mkononi, ombi la habari lipelekwe Novemba au mapema Desemba: siku 21, kisha 14 za nyongeza, na ofisi hupungua watu wakati wa Krismasi.

Njia nyingine ni kuwasilisha ombi rasmi katika bunge la kaunti, haki inayotambuliwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Ombi hilo huelekezwa kwa Karani wa bunge. Lieleze tatizo, hatua mlizokwisha kuchukua na majibu mliyopata, kama kuna kesi mahakamani au la, kisha limalizie na mnachoomba bunge lifanye. Majina, nambari za vitambulisho na sahihi za wakazi zifuate. Spika hulipeleka kwa kamati husika, nayo ina siku 60 za kuleta ripoti. Ile sehemu ya "hatua mlizokwisha kuchukua" ndiyo huwa tupu kwenye maombi mengi. Yenu itakuwa na barua yenye muhuri, mkataba, na vipimo vya mtaro.

Ombeni jambo moja linalowezekana. "Kaunti ichimbe mtaro wa mita 400 kutoka kanisani hadi mtoni na kuuweka kwenye makadirio ya mwaka ujao" ni ombi ambalo kamati inaweza kulipigia kura. "Serikali itujali" hakuna anayeweza kulipigia.

Tengenezeni faili mbili za kila kitu. Moja ikae kwa katibu, nyingine kwa mtu mwenye nyumba yake hapo mtaani, kwa sababu wapangaji huhama, simu huibwa, na mtaro huchimbwa miaka miwili baada ya aliyeandika barua ya kwanza kuondoka.