Kodi kwenye karatasi ya mtihani: alama moja, maana moja

Kabla ya kutunga swali la kwanza la informatiki lenye kodi (maagizo ya programu), andika juu ya karatasi kisanduku kidogo chenye alama zote utakazotumia. Mwanafunzi wa Lubumbashi huenda alianza na lugha ya programu ya Pascal, akaingia Python, na ubaoni anasoma algoritimu (hatua za kutatua tatizo) ya Kifaransa. Kwake, «x = 5» ni swali (Pascal) au ni amri (Python). Tumia ← kwa kuweka thamani, = kwa kulinganisha tu, na usibadilishe hadi ukurasa wa mwisho. Vivyo hivyo kwa Écrire na Afficher, amri za kuonyesha matokeo: chagua moja.

Mkato ndio mtego mkubwa kwetu, kwa kuwa shuleni tunaandika 2,5 kwa desimali. Je, F(2,5) inapokea namba moja au mbili? Ndani ya kodi andika 2.5, mkato ubaki wa kutenganisha. Ukishikilia mkato wa desimali, basi tenganisha kwa nukta-mkato: F(2,5; 3).

Mzunguko (amri zinazorudiwa) nao useme unaishia wapi. «Pour i de 1 à 5» (kwa i kutoka 1 hadi 5) hufika 5, na jumla ya i ni 15. Kwenye Python, range(1, 5) huishia 4, jumla ni 10. Taja pia kama tablo (orodha ya thamani zenye namba) inaanzia T[0] au T[1], na kwamba 7/2 ni 3.5; ukitaka 3, andika 7 div 2. Tant que (maadamu) huendelea sharti likiwa kweli, lakini Répéter… Jusqu'à (rudia… mpaka) husimama likiwa kweli. Ukigeuza moja kuwa nyingine, kanusha sharti.

Kisha uchapishaji, ambao wengi huuachia kijana wa sekretaria. Word hugeuza <-- kuwa mshale wa fonti ya Wingdings. Faili ikifunguliwa mahali pasipo na fonti hiyo, mshale unaweza kutokea kama ß. Ingiza ← yenyewe kutoka orodha ya alama. Zima usahihishaji wa moja kwa moja, maana hukuza herufi ya kwanza ya mstari na kupinda alama za nukuu. Kodi iwe Courier New, nafasi 4 mwanzoni mwa mstari kwa kila ngazi, na kila Si (ikiwa) ifungwe kwa FinSi: fotokopi ikififia, ngazi hazionekani vizuri. Usiite kigeu (jina linaloshika thamani) l wala O, maana hufanana na 1 na 0.

Mwisho, mpe mwalimu mwenzako aifuate kodi kwa kalamu, mstari kwa mstari, bila kukuuliza chochote. Akipata jibu tofauti na lako na hesabu zake ni sahihi, rekebisha karatasi.