Kugeuza faili la Word kuwa ukurasa safi wa wavuti

Kazi nyingi ninazoletewa hapa Dodoma huja kama faili la Word: tangazo la kikao, masharti ya SACCOS, mwongozo wa kilimo. Mwenye faili anataka lipande kwenye tovuti leo leo, na njia anayoijua ni kulihifadhi kama ukurasa wa wavuti humohumo ndani ya Word. Njia hiyo iache. Word hutaka faili hilo liweze kufunguliwa tena kwake bila kupungukiwa, kwa hiyo hulijaza maelezo yake: kila aya hupewa alama ya MsoNormal, fonti, saizi na vipimo vya nafasi. Msimbo, yaani maagizo ya kompyuta yaliyofichika nyuma ya ukurasa, unazidi maneno. Anayelipia ni mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anayefungua ukurasa huo kwenye simu, kwa bando lake.

Tuchukue mfano wa mwongozo wa zabibu, wenye vichwa vya habari, jedwali la misimu miwili ya mavuno, na picha kadhaa.

Hatua ya 1: Pata faili la docx

Fanya kazi kwenye nakala, faili la asili ubaki nalo. Kama ni la zamani lenye mwisho wa .doc, yaani mfumo wa kabla ya Word 2007, lifungue kwa LibreOffice, programu ya bure ya ofisi, ulihifadhi upya kama .docx.

Hatua ya 2: Safisha ndani ya Word kwanza

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi hupita mbio. Mwandishi ameandika "Wakati wa Kuvuna" kwa herufi nene za saizi 16. Wewe unaona kichwa cha habari. Kompyuta inaona aya ya kawaida iliyokolezwa wino. Weka kishale kwenye mstari huo, bonyeza Ctrl+Alt+1 kwa kichwa kikuu, Ctrl+Alt+2 kwa vichwa vinavyofuata. Rudia hadi mwisho wa waraka. Jina la waraka nalo lipe Heading 1. Usilipe mtindo wa Title, maana Pandoc, programu tutakayotumia kugeuzia, huliondoa kwenye maandishi na kuliweka pembeni kama taarifa za faili.

Namba zilizochapwa kwa mkono, "1." kisha nafasi, zigeuze kuwa orodha halisi. Aya zilizosogezwa ndani kwa ajili ya urembo zirudishe ukingoni; zikiachwa, zitatoka zikiwa nukuu. Kwenye jedwali, tenganisha seli zilizounganishwa na uhakikishe mstari wa juu umewekwa kama mstari wa vichwa. Mabadiliko yaliyofuatiliwa (Track Changes) yakubali au yakatae yote, ukiwa na mwenye waraka pembeni, kwa sababu uamuzi wa kipi kibaki ni wake.

Hatua ya 3: Geuza kwa Pandoc

Pandoc ni programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, mwalimu wa falsafa wa Berkeley, Marekani. Isakinishe, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) ndani ya folda yenye faili, andika kwa mstari mmoja:

pandoc zabibu.docx -s --wrap=none --extract-media=picha -M lang=sw -M pagetitle="Kilimo cha Zabibu" -o zabibu.html

Sehemu ya lang=sw usiiruke. Ndiyo inayoiambia programu ya kusomea wasioona kwamba maandishi haya ni Kiswahili, isije ikayasoma kwa matamshi ya Kiingereza. Kama tovuti yenu tayari ina kiolezo chake, ondoa -s, inayotengeneza ukurasa kamili, upate maandishi matupu ya kubandika.

Hatua ya 4: Soma msimbo kwa macho yako

Fungua zabibu.html kwa kihariri cha maandishi. Tafuta "strong", alama ya herufi nene: ikiwa imekaa peke yake kwenye aya, hapo kuna kichwa ulichokisahau, rudi hatua ya 2. Tafuta "blockquote": je, kweli ni nukuu? Kwenye jedwali, Pandoc huweza kuacha vipimo vya upana wa safu kwenye sehemu iitwayo colgroup. Mimi huvifuta, jedwali likapanuka lenyewe kulingana na skrini.

Kila kichwa kitakuwa na id yake, yaani jina la kukitambulisha, mfano "wakati-wa-kuvuna". Iache. Bwana shamba ataweza kutuma kwenye kundi la WhatsApp kiungo kinachoishia na #wakati-wa-kuvuna, na mkulima atue palepale.

Hatua ya 5: Picha

Ziko ndani ya picha/media. Picha ya simu huwa na upana wa pikseli elfu tatu au nne. Ipunguze hadi 1200, inatosha kabisa. Zenye mwisho wa .emf au .wmf zibadilishe kuwa PNG, kisha urekebishe jina kwenye msimbo, maana vivinjari havizionyeshi. Halafu jaza alt, maelezo ya picha kwa asiyeweza kuiona, kwa sentensi inayosema picha inaonyesha nini: "Shina la mzabibu baada ya kupogolewa". Neno "picha" peke yake halimsaidii mtu.

Hatua ya 6: Jaribu kwenye simu

Pandisha ukurasa, ufungue kwa simu ya bei nafuu ikiwa kwenye data. Vuta juu na chini. Ukilazimika kusukuma pembeni ili usome, tatizo karibu kila mara ni jedwali au picha. Rudi kwenye hatua yake. Yakija marekebisho ya maneno, yafanye kwenye ile docx uliyoisafisha, kisha endesha amri ileile tena na urudie hatua ya 4 na ya 5, maana faili la HTML huandikwa upya.